SOMO: Modemu inapiga lakini intaneti haiingii? Sikiliza laini kwanza

Salaam aleikum jamani. Wiki hii peke yake nimeulizwa kwa nini modemu, kile kifaa kinachoiunga kompyuta na intaneti kwa kupiga simu, inapiga lakini haiingii; mara saba, mara mbili nikiwa natoka msikitini. Nimeamua kuliandika mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake, na atakayeniuliza kesho nitamleta hapa.

Mimi natengeneza kompyuta Lamu mjini, upande wa Langoni. Nyingi ninazoletewa ni za Windows 98 na XP zenye modemu ya ndani. Mwenyewe akifika huwa ana neno moja: "Fundi, modemu imekufa." Nikiifungua naikuta nzima. Ugonjwa uko kwenye waya, na huo waya hakuna aliyeutazama tangu ulipopigiliwa ukutani.

Tafuta simu ya mezani ya kawaida yenye waya, bisibisi ndogo yenye mkono wa plastiki, kisu na kipande cha msasa laini.

Hatua ya 1. Waya wa simu wa ukutani uingie tundu la modemu lililoandikwa LINE, si PHONE.

Hatua ya 2. Kama nyumba ina simu nyingine juu au uani, zichomoe zote. Mtu akiinua simu ya ghorofani, wewe wa chini unakatika.

Hatua ya 3. Chomoa waya kwenye modemu, uchomeke kwenye simu ya mezani, uinue mkono wa simu. Mlio uwe mmoja, usiotetemeka. Sasa bonyeza tarakimu moja tu, mlio unyamaze. Sikiliza kile kimya. Laini njema inanyamaza kweli. Ukisikia mchakacho kama mafuta yanayokaangia samaki, usiiguse kompyuta kwanza. Nenda hatua ya 4. Kimya kikiwa safi, ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 4. Kisanduku cha ukutani. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi.

Nyumba moja ya Mkomani, ya mzee ninayemheshimu sana, mashine ilikuwa ikiunganisha na kukatika kila baada ya dakika tatu au nne. Nikamuuzia modemu mpya. Ikashika siku mbili, ikarudia. Nikamletea ya pili, yaleyale. Mara ya tatu ndipo nikafungua kile kisanduku cheupe ambacho waya wa simu unaingilia. Ndani mna skrubu mbili. Moja ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na uzi wa shaba uliofungwa chini yake ulikuwa mweusi. Niliugusa kwa ncha ya bisibisi, ukakatika kama kijiti kikavu. Tatizo lilikuwa lile tangu siku ya kwanza. Nilimrudishia mzee pesa za modemu zote mbili, na tangu siku hiyo sifungui kompyuta ya mtu kabla sijafungua kisanduku chake.

Sababu mnaijua. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya unyevu, na upepo unaleta chumvi mpaka chumbani. Chumvi na unyevu vikikutana na shaba, shaba inaliwa. Sauti ya mtu bado inapita, kwa hiyo unaongea na shangazi yako Mombasa bila shida na kuamini laini ni nzima. Modemu haina uvumilivu huo. Mchakacho ambao sikio lako halijali, kwake ni herufi zilizopotea.

Dawa: kata sehemu nyeusi, rudi nyuma mpaka uone shaba inayong'aa. Piga skrubu msasa mpaka iwe nyeupe. Funga, kaza sawasawa. Ukishakaza, paka mafuta mazito ya kujipaka juu yake, kidogo tu, yazuie hewa ya bahari. Rudia kipimo cha kimya.

Maonyo, na sisemi kwa kutisha:
- Laini iliyotulia ina kama volti 48. Simu ikiita zinapanda hadi karibu 90, na hujui nani atakupigia dakika hiyo. Usishike nyuzi mbili za wazi kwa pamoja, usifanye kazi ukiwa na miguu majimaji.
- Mawingu yakipiga radi, acha. Chomoa waya wa modemu na wa stima, ungoje mvua ipite.
- Waya wa nje, unaotoka kwenye nguzo hadi kisandukuni, ni wa kampuni ya simu. Kama mchakacho unasikika hata baada ya kusafisha, waite mafundi wao. Usipande nguzo.

Hatua ya 5. Sasa ndiyo uwashe kompyuta. Ingia Control Panel, tafuta modemu, iulize kwenye Diagnostics. Ikijibu mistari inayoanza na AT, iko hai.

Hatua ya 6. Piga, na ukishindwa SOMA NAMBA ya kosa. 680: modemu haisikii mlio wa laini, rudi hatua ya 1. 676: kule ni bize, ngoja kidogo. 678: hakuna aliyejibu, hakiki namba unayopiga. 633: modemu imeshikwa na programu nyingine, mara nyingi ya faksi. 691: jina au neno la siri si sahihi. Kosa hili la mwisho maana yake laini na modemu yako zinafanya kazi, kwa sababu mmefika hadi mlangoni na kuulizwa jina.

Hatua ya 7. Laini ikiwa dhaifu na huna la kuifanya, ipunguzie modemu mwendo. Kwenye sehemu ya mipangilio ya ziada ya modemu, hukohuko Control Panel, andika +MS=V34. Itaacha kukimbilia 56,000 (biti kwa sekunde) na kuridhika na 33,600 au chini yake. Modemu nyingi zinaielewa amri hii. Yako ikiikataa, tazama kitabu chake. Bora 28,800 isiyokatika saa nzima kuliko 44,000 inayokufa kila dakika nne.

MASWALI

kijana_wa_barani: Fundi sijasoma yote ni ndefu. Yangu haiingii intaneti, nifanyeje?

Jibu: Kosa namba ngapi?

kijana_wa_barani: Sikuangalia. Imeandika error tu.

Jibu: Piga tena, uisome, kisha hatua ya 6. Siwezi kutibu mgonjwa asiyesema anaumwa wapi.

mama_mahamri (Malindi): Shikamoo fundi. Nimefanya kipimo cha kimya. Asubuhi nasikia mchakacho, ikifika adhuhuri umeisha. Na kompyuta ni hivyohivyo, asubuhi 26,400, mchana 40,000 na kitu. Ni kwa nini?

Jibu: Marahaba mama, na ahsante kwa kupima kabla ya kuuliza. Mahali fulani kuna kiungo cha waya kinachoingia umande. Usiku kinalowa, jua likipanda kinakauka. Tazama kisanduku chako kwanza. Kikiwa kikavu na safi basi kiungo kiko nje, na ukiwaita mafundi wa simu waite ASUBUHI. Wakija saa nane mchana watapima, watakuta laini safi, watakuambia hakuna kitu.

Kuhusu hizo namba: kasi ya 56,000 inawezekana upande mmoja tu, wa kukuletea wewe, na ni kwa sababu kampuni ya intaneti imeungwa kidijitali na mtambo wa simu. Ishara inageuzwa kati ya tarakimu na sauti mara moja tu, hapo mtamboni kwenu. Ikigeuzwa mara mbili njiani, hutavuka 33,600 hata ununue modemu ya dhahabu. Wewe unafika 40,000 mchana, kwa hiyo njia yako ni nzuri. Una kiungo kibovu tu.

mama_mahamri: Allah akuzidishie. Nitawaita saa moja asubuhi.

hidabu_2: Mimi napata 691 na neno la siri NI SAHIHI. Nimeandika mara kumi. Labda kampuni yenyewe ina matatizo.

Jibu: Umeandika jina zima, pamoja na @ na kinachofuata?

hidabu_2: Hapana, jina tu. Hukusema.

Jibu: Karatasi waliyokupa siku ya kujiunga imesema. Na herufi kubwa tazama pia, ile taa ya Caps Lock.

hidabu_2: Imeingia.

nahodha_kizingitini: Kaka, hayo mafuta ya kujipaka hayazuii umeme kupita? Fundi mwingine ameniambia ni uharibifu.

Jibu: Yanazuia ukipaka KABLA ya kukaza. Nimeandika baada. Shaba na skrubu zikishabanana hakuna mafuta yanayopenya katikati, yanakaa juu kama kofia. Nimefanya hivi nyumba nyingi na sijaitwa kurudi kwa sababu hiyo.

msimamizi_wageni (Shela): Tuna mtambo mdogo wa simu wa vyumba. Mgeni akitaka kuunga kompyuta yake chumbani nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu kabla hujajua mtambo ni wa aina gani. Kama simu za vyumbani ni za kidijitali, umeme wake si wa laini ya kawaida na unaweza kuunguza modemu papo hapo. Laini inayoingia faksi yenu ndiyo salama, faksi nayo ni modemu. Na akipiga kupitia mtambo unaotaka 9 kwanza, aandike 9, kisha koma moja au mbili, kisha namba. Koma inaiambia modemu ingoje. Ikikataa kwa sababu mlio wa mtambo ni tofauti, aongeze amri ya X3 kwenye mipangilio ya ziada, modemu isingoje mlio.

msimamizi_wageni: Hilo la koma sikuwahi kulisikia. Na je, wanaolalamika bili ya simu kubwa?

Jibu: Waandike barua pepe zao zote kabla ya kupiga, wapige, watume, wapokee, wakate. Wasome wakiwa wamekata. Wazime na picha kwenye kivinjari. Megabaiti moja kwa 28,800 ni karibu dakika tano, na picha moja tu ya jahazi inaweza kuimaliza.

nahodha_kizingitini: Nami niongeze kwa wanaosafirisha mashine. Kutoka Mokowe kwa boti, funga kwenye nailoni mbili, katikati weka kanga, na usiiweke chini kwenye maji ya ngalawa. Ukifika usiiwashe siku hiyo. Iache ikauke ndani usiku mmoja.

Jibu: Ahsante nahodha, ni kweli tupu. Na ikiwa itapandishwa punda, diski ngumu ielekee upande usiogonga ukuta. Vichochoro vyetu mnavijua.