Kutia mayai ya Pasaka rangi kwa vitu vya jikoni: bluu ndiyo yenye kazi

Jirani yangu anafundisha shule ya Jumapili. Juzi tulikaa jikoni kwake tukitia rangi mayai ya watoto, akaniomba nimwandikie utaratibu wote. Nauweka hapa ili na wengine waupate. Rangi ya dukani hatukutumia hata tone. Mayai yataliwa, na manjano na kabichi vinatosha kabisa.

1. Mayai
Tafuta ya kienyeji, yenye ganda jeupe au karibu na jeupe. Ya kisasa mengi ni ya kahawia, na juu yake bluu huelekea kijani kizito. Yaoshe kwa sabuni kidogo, maana alama ya kidole chenye mafuta haishiki rangi. Chemsha mpaka yaive, yapoze. Yaliyopasuka kuleni.

2. Njano
Manjano ya unga vijiko vikubwa 3, maji lita 1, dakika 15 motoni. Tia siki vijiko 2, loweka mayai nusu saa. Basi.

3. Nyekundu ya matofali
Hii hutoka kwenye maganda makavu ya vitunguu vya njano, yakichemshwa na siki kidogo. Ugiriki Waorthodoksi hutia mayai rangi nyekundu siku ya Alhamisi Kuu, na wengi hutumia maganda haya haya. Vitunguu vyekundu vya masoko yetu havitabiriki: mara hudhurungi, mara kahawia yenye ukijani. Mwombe muuza vitunguu akukusanyie maganda. Kwake ni takataka.

4. Bluu
Hapa nenda polepole. Katakata nusu ya kabichi ya zambarau, chemsha kwa lita 1 ya maji nusu saa, chuja, acha yapoe kabisa. Hamishia kwenye bakuli la kioo kabla ya kutia siki, kwa sababu siki na sufuria ya aluminiamu havipatani.

Ukishatia siki, maji yanageuka ya waridi. Wengi hudhani wameharibu, wakamwaga au wakaongeza magadi. Usifanye hivyo. Rangi ya kabichi hii hufuata uchachu: kwenye siki inakuwa nyekundu, uchachu ukipungua inarudi zambarau na kwenda bluu. Ganda la yai ni kalisi kaboneti, ambayo huua uchachu pale pale rangi inapoligusa. Ndiyo maana yai la bluu hutoka kwenye maji ya waridi. Usiihukumu rangi kwa kutazama bakuli.

Siki isizidi kijiko kikubwa 1 kwa kila kikombe cha maji. Viputo vidogo juu ya ganda ni kawaida, ni siki inalikwangua kidogo ili rangi ishike. Povu likiwa jingi, ganda linaliwa na yai litatoka na mabaka; ongeza maji ya kabichi upesi.

Kisha subira. Saa moja itakupa kijivu hafifu. Mayai yalale humo ndani ya friji usiku kucha, yamezama yote, yasigusane, na uyageuze mara moja kabla hujalala. Asubuhi yatoe kwa kijiko, yapange juu ya chujio la waya, na usiyafute. Rangi ikiwa mbichi ni utando tu, ukiugusa kwa kidole unabanduka na ganda linabaki tupu. Yakauke yenyewe.

Ukitaka kijani, chukua yai la manjano lililokauka, liloweke kwenye kabichi kwa saa chache. Bitiruti siishauri: bakulini inavutia, kwenye ganda inafifia na kuelekea kahawia.

5. Kumalizia
Yakishakauka, yapake mafuta ya kula kidogo kwa kitambaa laini, yang'ae. Yarudishe kwenye friji, yaliwe ndani ya wiki 1. Siku ya kuyagawa kwa watoto yasikae nje zaidi ya saa 2, na kwa joto la Dar, punguza hata hapo.