Kuomba VPN ya Chuo Ukiwa Tanga: Anza na Ada, Nywila Itafuata

Huu ni mwongozo wa mwanafunzi aliye nyumbani Tanga, awe Makorora, Chumbageni au Pongwe, ambaye chuo chake kiko mkoa mwingine na makala anazozitaka kwa ajili ya tasnifu hazifunguki mpaka awe ndani ya mtandao wa chuo. Mimi nimetoka kuyapitia haya hivi karibuni. Kujaza jina na namba ya simu sitakufundisha. Umeshajaza fomu za kutosha tangu mwaka wa kwanza. Nitakaa zaidi pale palipokula bando langu.

Kabla ya yote, hakikisha kweli unaihitaji hiyo VPN, yaani njia ya kuingia kwenye mtandao wa chuo ukiwa mbali. Barua pepe ya chuo, matokeo na masomo ya Moodle kwa kawaida hufunguka popote penye intaneti. Vinavyogoma ni majarida ya kulipia, programu za takwimu ambazo kila ukiziwasha huenda kuulizia leseni kwenye seva ya chuo, na mafaili yaliyowekwa kwenye seva ya idara. Mchapishaji wa jarida hakujui wewe, anazijua anwani za IP, yaani namba za utambulisho wa mtandao, ambazo chuo kilimwandikisha. Ukitumia bando la simu hapa Tanga unaonekana kwa anwani ya kampuni ya simu, ndiyo maana unaletewa ukurasa wa kulipia kwa dola. VPN ya chuo hupeleka mawasiliano yako chuoni kwanza, yakiwa yamefumbwa, kisha yakatoka huko na anwani ya chuo. Kwa sababu hiyo hiyo zile VPN za bure ambazo watu hupakua kwenye simu hazikusaidii kitu hapa. Zitakupa anwani ya Uholanzi au Singapore, na chuo chako hakina mkataba wa majarida kwa jina la Uholanzi.

Kama shida yako ni makala peke yake, muulize mkutubi kama maktaba ina proksi. Vyuo vingi hutumia EZproxy: unaingia kwa brauza, unaandika namba ya usajili na nywila, basi, hakuna programu ya kufunga wala sahihi ya mkuu wa idara. Muulize pia kuhusu Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi majarida ya kulipia. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hupewa huduma hiyo bure, na ndani yake kuna Hinari kwa watu wa afya na AGORA kwa watu wa kilimo. JSTOR, hifadhi ya majarida ya mtandaoni, nao wana akaunti ya bure ya mtu binafsi inayokuruhusu kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi. Wakutubi hawana tabia ya kujitangaza, lakini kwa uzoefu wangu ndio wanaojibu barua pepe kuliko ofisi nyingine yoyote chuoni. Na usihangaike na eduroam ukiwa sebuleni kwenu. Ile ni wifi ya kutumia ukiwa umetembelea taasisi nyingine inayoirusha, haikufikishi ndani ya mtandao wa chuo chako.

Bado unaihitaji? Haya, twende.

Fomu

Fomu ya kuomba kuingia kwenye mtandao wa chuo ukiwa nje ya chuo, kwetu sisi, imewekwa kwenye tovuti ya ndani ambayo hufunguka ukiwa chuoni tu. Ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake. Usipoteze nguvu kulalamika, tafuta mwenzako aliyebaki hosteli akupakulie na kukutumia kwa WhatsApp. Mwambie aitume kama faili, asiipige picha.

Ukishaijaza, ichapishe na kuiskani kwenye steshenari yoyote ya Ngamiani, iwe PDF moja. Picha ya karatasi iliyopigwa juu ya kitanda, shuka la maua likionekana pembeni, hurudishwa. Namba ya usajili ikiwa na alama ya mkwaju (/), uliza mapema kwenye mfumo inaandikwaje, kwa sababu mifumo mingine haiukubali mkwaju na hutaka nukta au kistari mahali pake. Maelezo ya fomu hayasemi hivyo, na mfumo ukikukataa hautakwambia kuwa kosa ni mkwaju.

Sahihi ya mkuu wa idara ndiyo inayochelewa zaidi kwenye karatasi hiyo. Usimtumie yeye moja kwa moja kama hamfahamiani. Mtumie msimamizi wako wa tasnifu, umwombe akupelekee, na umweleze kwa sentensi moja ni jarida gani au programu gani imekukwamisha. Sababu iliyoandikwa "kwa ajili ya utafiti" haimsukumi mtu kuchukua kalamu.

Hali ya usajili: hapa ndipo panapoliwa muda

Fomu ikipita utaletewa barua pepe yenye faili la mipangilio na maelezo ya kufunga programu. Utafunga, utaandika nywila ile ile unayofungulia barua pepe, kisha utaona ujumbe wa Kiingereza kuwa uthibitisho umeshindikana. Kila mtu hapo hudhani nywila ni mbovu. Dawati la msaada nalo hudhani hivyo, kwa hiyo watakwambia ubadili. Utabadili. Itakataa tena. Ukiendelea kujaribu, akaunti itajifunga, na sasa una matatizo mawili.

Nywila yako mara nyingi haina kosa. Seva ya VPN haiangalii nywila peke yake, inaangalia pia kama wewe ni mwanafunzi hai wa muhula huu. Taarifa hiyo inatoka kwenye mfumo wa usajili, ambao nao unasubiri mfumo wa uhasibu useme ada imeingia. Ukilipa kwa kontroli namba, ujumbe wa malipo unakufikia pale pale, lakini hilo halimaanishi kuwa muhasibu wa chuo ameshaziingiza fedha hizo kwenye jina lako, au kwamba zilipoingizwa hazikuangukia mwaka wa masomo uliopita. Mwenye mkopo ana kona yake pia: kama fungu la ada limefika chuoni nawe ulishaondoka kabla ya kusaini, kwenye mfumo unaweza kuonekana unadaiwa ingawa bumu lako mwenyewe, zile hela za kujikimu, ulishalipokea na kulimaliza.

Barua pepe na Moodle zitaendelea kufunguka kama kawaida, maana hizo hazijali sana ada, na ndiyo sababu hakuna anayeshuku. Mimi niliambiwa na TEHAMA, ofisi ya kompyuta na mtandao ya chuo, kuwa akaunti ipo, uhasibu wakasema malipo yapo, ofisi ya msajili wakasema jina lipo. Kila ofisi iliniambia kweli tupu, na VPN ikaendelea kunikatalia.

Kwa hiyo kabla hata hujapakua programu, ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi uangalie sehemu ya hali ya usajili. Kama haisemi waziwazi kuwa umesajiliwa kwa muhula huu, usiguse nywila. Andika barua pepe moja tu, uitume kwa uhasibu, msajili na TEHAMA kwa pamoja, kila mmoja akiona kuwa mwenzake ametumiwa. Kwenye kichwa cha barua weka namba yako ya usajili. Ambatanisha risiti na picha ya skrini inayoonyesha hali yako. Kisha uliza swali hili, kwa maneno haya haya ukipenda: "Naomba kuthibitishiwa kama hali yangu ya usajili wa muhula huu imefika kwenye mfumo wa akaunti unaotumiwa na VPN." Ukiuliza "kwa nini VPN yangu haifanyi kazi" utaambiwa ubadili nywila. Swali la kwanza linamlazimu mtu afungue mfumo aangalie.

Simu ifuate baada ya barua. Piga saa tatu au saa nne asubuhi, wakiwa wameshakaa na hawajaanza kuitwa kwenye vikao. Ijumaa mchana usijisumbue. Anza na shikamoo hata kama sauti ni ya kijana; akicheka na kusema "kaka, mimi mdogo wako," mmeshafahamiana, na mtu uliyefahamiana naye ni vigumu kukwambia "subiri" halafu akate. Uliza jina la aliyekuhudumia uliandike. Na wakikwambia wamesharekebisha, usijaribu dakika ile ile. Mifumo hii mingi hupelekeana taarifa kwa ratiba, mara nyingi usiku, kwa hiyo jaribu kesho yake asubuhi.

Kufunga programu

Hii ni sehemu nyepesi. Pakua programu kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe au kwenye kiungo ulichopewa na chuo, si kwenye flashi ya mtu. Kama chuo kinatumia programu ya OpenVPN, unaingiza lile faili la mipangilio na kubonyeza kuunganisha. Programu za FortiClient na Cisco huhitaji uandike anwani ya seva kwa mkono, na huko kosa la nukta moja linatosha kukuchelewesha.

Angalia saa ya kompyuta. Kompyuta nyingi tunazonunua zimeshatumika, na betri ndogo ya ndani inayotunza saa imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika na chaji ikiisha, tarehe inarudi miaka ya nyuma. Cheti cha usalama cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani tuko 2010, itasema cheti hakifai na itagoma. Vivyo hivyo, kama chuo chako kinazidai, kwa zile namba za uthibitisho kwenye simu, ambazo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30: simu ikiwa na saa iliyorekebishwa kwa mkono, kila namba utakayoandika inaweza kukataliwa. Weka saa ijirekebishe yenyewe kutoka kwenye mtandao.

Ikiunganika lakini kurasa hazifunguki, au zinafunguka nusu nusu, mara nyingi ni mtandao wa simu kushindwa kupitisha vipande vikubwa vya data. Kwa OpenVPN, fungua faili la mipangilio kwa Notepad, ongeza mstari wa mssfix 1300, unaovipunguza vipande hivyo, uhifadhi. Kama haiunganiki kabisa, huenda mtandao unaotumia unazuia mlango wa UDP 1194 ambao OpenVPN huutumia kwa kawaida. Waombe TEHAMA faili la mipangilio linalopitia mlango wa TCP 443. Huo ndio mlango unaotumiwa na tovuti za kawaida zilizo salama, hivyo ni nadra kuzuiwa.

Kuhusu bando: vyuo vingine hupitisha kila kitu chako kwenye VPN, si majarida tu, na ule ufumbaji wenyewe huongeza data kidogo. Kabla ya kuunganisha, iambie Windows kuwa mtandao huo ni wa kupimwa (metered connection), ili isishushe masasisho yake kwa hela yako. Funga YouTube. Ukishapakua makala zako, katisha VPN kisha uzisome nje ya mtandao ukila mkate wako wa Ajemi kwa utulivu. Intaneti ikionekana imekufa baada ya kukatisha, zima hotspoti na uiwashe tena. Na zipo siku kosa si lako wala la chuo: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikayumba nchi nzima. Siku kama hiyo, lala.

TCRA

Jambo moja ambalo fomu ya chuo chetu haikulitaja. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo kwa watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN, ikiwataka watoe taarifa kwake, ikiwamo anwani ya IP, kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Tangazo liliegemea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020. VPN ya chuo ni kwa ajili ya masomo, lakini usibaki na dhana tu. Kwenye barua ile ile ya TEHAMA waulize kama chuo kimeshaitolea taarifa VPN yake, na kama wewe kama mwanafunzi unatakiwa ufanye lolote. Wakikujibu kwa maandishi, itunze barua hiyo.

Kituo cha mwisho ni tarehe ya kuisha. Ruhusa ya VPN mara nyingi hufungwa mwaka wa masomo unapofungwa, wakati tasnifu nyingi ndipo zinapokuwa sura ya nne. Iulize tarehe hiyo siku unayopewa ruhusa, na uombe kuongezewa muda wakati bado unaingia, kwa sababu fomu ya kuongezewa muda nayo iko kwenye tovuti ya ndani.