Kavera, iodini na chumvi: kuonyesha kinachopita na kisichopita kwenye utando wa seli

Wanafunzi wengi hukariri kwamba utando wa seli hupitisha vitu vidogo na kuzuia vikubwa. Hiyo ni nusu ya jibu. Ukubwa una nafasi yake, lakini swali la kwanza ni kama kitu kinayeyuka ndani ya mafuta. Majaribio haya matatu yanalionyesha hilo bila maabara, kavera (mfuko wa plastiki) ikisimama badala ya utando katika mawili ya kwanza, na mtu akishaliona kwa macho yake halisahau.

Vifaa

Tafuta kwenye duka la dawa tincha ya iodini ya 2%. Usichukue povidoni-iodini: humo iodini imeshikwa na molekuli kubwa, na matokeo huchelewa mno. Tafuta pia unga laini wa muhogo, kavera mbili mpya zinazoonyesha ndani, uzi, gilasi tatu, chumvi, bitiruti moja, spiriti kidogo na maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni safi. Maji yaliyopita kwenye bati huja na vumbi, na vumbi litakuchanganya kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 1: Pika wanga

Koroga kijiko 1 cha chai cha unga kwenye vijiko 2 vya maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha umimine kwenye mililita 100 za maji yanayochemka huku ukikoroga kwa dakika 1 au 2. Epua, uache upoe kabisa. Usiharakishe hapa. Wanga hugeuka bluu ukigusana na iodini, lakini ukiwa wa moto haushiki rangi hiyo, kwa hiyo iodini inaweza kupenya vizuri na wewe usione kitu.

Hatua ya 2: Jaza kavera

Kwanza ipime: tia maji, bana mdomo, ining'inize juu ya karatasi kavu kwa dakika moja. Ikidondosha, iache. Ikiwa nzima, jaza wanga hadi nusu, toa hewa, sokota mdomo, ukunje na kuufunga kwa uzi mara mbili.

Sasa osha nje ya kavera kwa maji yanayotiririka, hasa karibu na fundo. Jaribio hili huharibika hapa kuliko mahali pengine popote. Tone moja la wanga likibaki nje, maji ya gilasi yatageuka bluu, na mwanafunzi ataandika kwamba wanga umepita.

Hatua ya 3: Tumbukiza kwenye iodini

Tia matone 20 ya tincha, kama mililita 1, kwenye mililita 200 za maji. Rangi iwe ya manjano-kahawia, uweze kuona ng'ambo ya gilasi. Ukizidisha, weusi wa maji utaficha kinachotokea ndani. Simamisha kavera humo, fundo likae juu ya maji, na ufunike gilasi kwa kisahani maana iodini huruka hewani.

Baada ya nusu saa hadi saa moja utaona bluu ikianza ndani, kwanza pale wanga unapogusana na plastiki, kisha ikisogea kuelekea katikati. Maji ya nje hupauka polepole. Nje kukiwa bluu, kavera inavuja au haikuoshwa, anza upya.

Ukitaka kuonyesha nguvu ya joto, weka gilasi ya pili ya namna hiyohiyo ndani ya beseni la maji ya nyuzi 35. Huko bluu huwahi, kwa sababu molekuli zenye joto huenda kasi zaidi. Usipande zaidi ya hapo, rangi itaanza kufifia.

Hatua ya 4: Rudia kwa chumvi

Yeyusha kijiko 1 cha chai cha chumvi katika nusu gilasi ya maji, tia kwenye kavera ya pili, funga, osha, tumbukiza kwenye mililita 200 za maji ya mvua kwa muda uleule. Kisha kausha kijiko kimoja cha maji hayo ya nje polepole juu ya sigiri. Kausha pia kijiko cha maji ya mvua matupu, na kingine ulichoyeyushia punje chache za chumvi. Ukoko mweupe unatakiwa kuonekana kwenye hicho cha tatu tu. Shuleni, matone ya naitreti ya fedha hutoa jibu papo hapo: kloridi ikiwepo, maji huwa na wingu jeupe.

Linganisha sasa. Molekuli ya iodini ina uzito wa 254. Sodiamu na kloridi kwa pamoja ni 58.5. Kizito kimepita, chepesi kimezuiliwa! Plastiki ya kavera ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, kama mikia ya lipidi (mafuta) iliyo katikati ya utando wa seli. Iodini haina chaji ya umeme, huyeyuka humo na kutokea upande wa pili. Ayoni, yaani chembe ya sodiamu au kloridi iliyoyeyuka, ina chaji na imezungukwa na maji. Haikubali kuyaacha iingie kwenye mafuta. Ndivyo oksijeni na kaboni dioksidi zinavyopita kwenye seli za mapafu bila msaada, huku sodiamu ikihitaji mlango wa protini.

Kuhusu muda: kiwango cha chini cha unene kinachoruhusiwa na sheria ya mazingira ya Uganda ya 2019 ni mikroni 30, yaani nanomita 30,000. Utando wa seli una nanomita 7.5 hivi. Kavera ni nene mara 4,000, na kadiri unene unavyozidi ndivyo difusheni (molekuli kusambaa kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache) inavyopungua.

Kitu kimoja kavera haiwezi kuonyesha: protini za utando. Glukosi huingia kwenye seli kwa kubebwa na protini, na maji yana njia zake, akwaporini, zilizompa Peter Agre Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Hatua ya 5: Utando wenyewe

Kata vipande 3 vya bitiruti vya unene wa milimita 5, uvioshe hadi maji yasiwe mekundu. Wekundu huo wa kwanza unatoka kwenye seli zilizokatwa na kisu. Weka kimoja kwenye maji baridi, cha pili kwenye maji ya nyuzi 70, cha tatu kwenye spiriti, mbali na sigiri. Huna kipimajoto? Kampala maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hivyo vipimo 2 vya maji yanayochemka na 1 cha maji ya bomba hukupa karibu 70.

Baada ya dakika 15, maji baridi yatakuwa karibu meupe. Mengine mawili yatakuwa mekundu, kwa kuwa joto limevuruga protini na lipidi za utando, na spiriti imeyeyusha mafuta yake. Rangi ya bitiruti hupenda maji, haikuwa na njia ya kutoka hadi utando ulipoharibika. Hapo usiandike "difusheni kupitia utando". Andika kwamba utando umebomoka.

Madoa ya iodini kwenye gilasi na vidole yasugue kwa maji ya limau. Vitamini C huigeuza iodini kuwa iodidi isiyo na rangi.