Umepotezana na ndugu yako? Fanya hivi na Red Cross

Wakenya wengi wakisikia Red Cross wanawaza ambulensi na mablanketi ya mafuriko tu, kumbe kuna kazi ingine ya miaka mingi ambayo mimi naiheshimu kuliko zote, kutafuta watu waliopotezana na familia zao sababu ya vita, majanga ama safari ya kuvuka mipaka. Ni bure. Mtu akikuitisha hata shilingi kumi ya fomu huyo si wao, ondoka.

Enda ofisi ya Kenya Red Cross ya kaunti yako, na kama uko Dadaab ama Kakuma wako huko huko kambini, uliza wale wa kutafuta familia. Hujui ofisi iko wapi? Piga 1199, haikati kredo.

Sasa kwa fomu ndio watu wanakosea. Wanaandika majina mawili wanaenda. Jamani! Andika jina lake, la baba, la babu, la mama, na lile mlikuwa mnamwita nyumbani, manake kina Mohamed Ali ni wengi mno, lakini ukisema Mohamed Ali Dheere, yule mrefu, mwenye kovu juu ya jicho, wa kijiji fulani, mzee wa mtaa wake atasema huyo namjua. Hii shida si ya leo. Vita ya kwanza ya dunia watu wa Red Cross kule Geneva walijaza kadi kama milioni 7 kutafuta wafungwa na waliopotea, na majina kufanana kuliwasumbua vilevile. Sema pia mlionana wapi mara ya mwisho, alikuwa na nani, alikuwa anaelekea wapi. Tarehe kama huikumbuki usibuni, sema ilikuwa baada ya mvua kubwa ama mwaka ule ng'ombe walikufa, hiyo inawasaidia kuliko tarehe ya uongo. Picha kama unayo beba.

Kama unajua mahali yuko ila hana simu, omba barua ya Red Cross. Hiyo haifungwi kwa bahasha na inasomwa kabla ya kupelekwa, kwa hivyo andika mambo ya familia peke yake, mama amepona, Asha amejifungua msichana. Siasa na mambo ya jeshi usiweke hata mstari mmoja.

Halafu ni kungoja, inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa miaka. Akipatikana ataulizwa kwanza kama anakubali upewe namba yake, akikataa hawakupi, na hata kama inauma ni haki yake, kuna watu walitoroka nyumbani kwa sababu zao. Wewe ukibadilisha laini rudi uwaambie siku hiyo hiyo, na uwaachie namba ya jirani pia, isije ikawa mtu wako amepatikana na simu yako inasema mteja hapatikani.