Mita 60 za ukingo wa mto: kuziacha na kuzirudisha

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Wakulima wengi wanaijua sheria hii kwa vigingi na faini tu. Namna ya kulitunza eneo lenyewe hawajaelezwa, na hilo ni kosa letu maofisa ugani. Vijito vinavyotelemka kutoka Makete, Njombe na Mbeya huingia bonde la Usangu, kisha Mto Ruaha Mkuu. Tangu 1993 mto huo hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope. Umwagiliaji wa mpunga una sehemu kubwa, lakini kijito kilicholimwa hadi ukingoni nacho hupunguza maji yake.

Pima kutoka alama ya juu ya maji ya mvua: mstari wa takataka, nyasi zilizolala, tope lililokauka kwenye vigogo. Usipime kutoka maji ya Septemba. Kamba ya mita 20, mara tatu, inatosha.

Palipokuwa na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, usikimbilie kupanda miti. Mifereji iliyochimbwa kukausha bonde bado inanyonya maji, na miche itakufa. Izibe kwanza kwa viroba vya udongo vilivyoshikiliwa na vigingi, kila baada ya mita 5 hadi 10. Baada ya msimu mmoja wa mvua, matete na mafunjo mara nyingi huanza kurudi yenyewe, yaache.

Mikaratusi iliyo karibu na chanzo ikatwe, ising'olewe. Ukiing'oa, ukingo unabomoka. Bandua gome la kisiki hadi chini na uondoe machipukizi kila yanapotokea, la sivyo baada ya miaka michache utakuwa na mashina manne palipokuwa na moja.

Miti rafiki wa maji ni kama mivengi na mikuyu. Chimba shimo la sentimita 45 kwa 45, udongo wa juu ukiuweka kando. Uchanganye na nusu debe ya samadi iliyooza. Nafasi ni mita 5. Panda Desemba au Januari, ardhi ikiwa imelowa vizuri. Chana kiriba (mfuko wa mche) ukitoe chote: mizizi iliyobaki ndani hujizungusha kama kamba, na mti hudumaa ukiwa bado mbichi machoni. Palilia kisahani cha nusu mita tu kuzunguka mche. Ukifyeka ukingo mzima, mvua inabeba udongo.

Mpakani na shamba panda mstari wa nyasi za vetiva ukifuata kontua (mstari wa usawa mmoja kukatiza mteremko), vipando vikiachana sentimita 10 hadi 15. Hapa msifanye haraka. Pengo moja la sentimita 40 hukusanya maji ya mteremko wote na kuanzisha korongo. Ziba mapengo kabla ya mvua ya pili.

Pampu ya kupulizia isioshwe mtoni kamwe, kwani viuatilifu vingi huua samaki, vyura na wadudu wanaowalisha ndege. Suuza mara tatu upande wa shamba, maji hayo uyanyunyize kwenye zao lilelile.

Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika nje ya mita 60. Isipowezekana, wawekeeni njia moja tu ya kushukia, iliyotandikwa mawe.