Namna ya Kumwainisha na Kumpa Jina Nyoka Kipofu

Masika yakikolea Dar es Salaam, chini ya chungu cha maua au kwenye sakafu ya bafu la uani huonekana nyoka mdogo mweusi anayeng'aa, mwembamba kama kamba ya kiatu. Wengi humdhania nyungunyungu, na wengine humwita ndumakuwili, kwa kuwa mkia wake ni butu kama kichwa na huaminiwa kuwa anauma pande zote mbili. Hana sumu. Ukimshika atakuchomachoma kidoleni kwa kimwiba kilicho ncha ya mkia, nacho hutumika kujikita udongoni anapojisukuma mbele.

Kabla ya kumgusa, andika mahali, tarehe, aina ya udongo na kina ulichomkuta, kwa sababu kielelezo, yaani nyoka aliyehifadhiwa kwa uchunguzi, kisicho na maelezo hayo hakina faida kubwa kwa mwainishaji. Rangi usiitegemee sana, maana nyoka anayekaribia kujivua ngozi hugeuka samawati iliyofifia na kuonekana kama spishi nyingine kabisa.

Kazi yenyewe ni kuhesabu magamba, na hapa sipendi haraka. Magamba ya tumboni kwa nyoka hawa hayakupanuka kama ya nyoka wengine, kwa hiyo unahesabu mzunguko mzima wa mwili bila kusimama popote. Funga uzi mwekundu katikati ya mwili, tia nukta ya wino kwenye gamba la kwanza, kisha zunguka chini ya hadubini ukisogeza gamba moja moja kwa ncha ya sindano mpaka urudi kwenye nukta. Rudia mara tatu, na hesabu zikitofautiana anza upya. Ukipata safu 14, na meno yakawa kwenye taya la chini tu, nyoka wako ni wa familia ya Leptotyphlopidae. Meno yakiwa kwenye taya la juu tu, huyo ni wa Typhlopidae. Ndani ya familia hii ya pili, nyoka wa waridi asiyeonekana macho kabisa huenda akawa wa jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) Letheobia, ilhali mweusi au kahawia mwenye safu 20, aliyetoka kwenye chungu cha maua mjini, karibu kila mara ni Indotyphlops braminus.

Huyu braminus ni mgeni aliyetoka Asia na kusambaa duniani ndani ya udongo wa miche. Wote wanaojulikana ni majike, huzaa bila dume, na seli zao zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo mmoja tu akitua kwenye kitalu anatosha kuanzisha ukoo.

Historia ya jina lake inafundisha kanuni za utoaji majina kuliko maelezo mengi. Mwaka 1796 mtaalamu wa viumbe Patrick Russell alimchora nchini India akatumia jina la wenyeji, Rondoo Talooloo Pam, ambalo kwa Kitelugu ni nyoka wa vichwa viwili, yaani ndumakuwili wetu yuleyule. Hakumpa jina la Kilatini, na ndiyo sababu sifa ilimwendea mtaalamu wa wanyama wa Kifaransa, François-Marie Daudin, aliyemwita Eryx braminus mwaka 1803. Tangu hapo amehamishwa jenasi mara kadhaa, akaingia Typhlops, kisha Ramphotyphlops, na mwaka 2014 Indotyphlops, lakini neno braminus halikuguswa, kwa sababu jina la spishi lililotangulia kwa njia halali ndilo linalodumu. Mabano katika Indotyphlops braminus (Daudin, 1803) yanatuambia kwamba mwandishi huyo alimweka katika jenasi nyingine.

Ukishalinganisha na spishi zote za jirani na bado hesabu zako hazifanani na yeyote, ndipo uanze kufikiria jina jipya. Uwe na kibali cha utafiti mkononi. Kata kipande cha ini ukihifadhi katika ethanoli kabla ya kutia mwili kwenye formalini, kwani formalini huharibu DNA. Nimeshuhudia kielelezo kizuri kikipotezwa kwa kukosea mpangilio huo tu. Teua kielelezo kimoja kiwe holotaipu, yaani kile ambacho jina litafungamana nacho daima, na ukikabidhi kwenye mkusanyiko wa kudumu ambako wengine wataweza kukichunguza.

Katika kuunda jina, mzungumzaji wa Kiswahili ana wepesi wake, kwa sababu kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya jenasi kama chetu kinavyofuata ngeli. Majina yanayoishia na -ops ni ya kiume, Letheobia ni ya kike. Ndiyo maana nyoka yuleyule aliandikwa Typhlops pallidus, na aliporudishwa katika jenasi yake ya awali akawa tena Letheobia pallida. Mimi huvutiwa zaidi na majina ya mahali, kama Letheobia swahilica ya mwaka 2007, iliyopewa jina la pwani yetu, au Letheobia uluguruensis, ambayo kiishio chake hakibadiliki kati ya jinsia hizo mbili. Mwisho, ikiwa makala yako itatoka kwa njia ya kielektroniki pekee, isajili ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla haijachapishwa na uonyeshe usajili huo ndani ya makala yenyewe, la sivyo jina halitahesabiwa kuwa limetolewa.