Machale yakikucheza: namna ya kupitia chakra 7 za mwili kabla ya kuamua jambo

Kiswahili kimejaa maneno ya mwili unaojua jambo kabla ya kichwa: machale yamenicheza, roho inasita, tumbo joto, moyo mzito, koo limenikauka. Kila msemo unataja mahali. Mwongozo huu, ulioandikwa kwa wakazi wa Mwanza, unakufundisha kupita mahali hapo kwa utaratibu, moja baada ya jingine, ili siku ukiwa na uamuzi mgumu ujue mwili wako unasema nini na unasemea wapi.

Chakra ni neno la Kisanskriti, maana yake gurudumu. Elimu yake imetoka katika tantra, mapokeo ya kale ya ibada na tafakuri ya India, na si mapokeo yote yanayohesabu chakra 7. Yapo yanayotaja 4 na yapo yanayotaja 5. Maelezo yaliyoenea zaidi ni ya Purnananda, mwalimu wa tantra, aliyeandika beti zake mwaka 1577 akataja 6, na juu yake ile ya utosini, jumla 7. Jaji Mwingereza John Woodroffe alizitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1919, na ndipo habari hizo zikasambaa zaidi nje ya India. Zile rangi 7 za upinde wa mvua unazoziona kwenye picha za mtandaoni zilipachikwa baadaye, katika karne ya 20, kwa hiyo usihangaike ukifumba macho usione nyekundu wala zambarau. Chakra si kiungo ambacho daktari atakikuta akipasua. Ichukue kama kituo: mahali unaposimamisha umakini wako ili uhisi kinachoendelea kwenye misuli, pumzi, mapigo ya moyo na tumbo.

Mahali na muda

Alfajiri ndiyo saa yenyewe, kabla ya chai. Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro, kwa hiyo ukikaa saa 12 na nusu utamaliza mwanga ukiwa umeingia vizuri. Kikombe cha kahawa kinaweza kubadili mapigo ya moyo, ukakisoma kifua chako vibaya.

Mji huu hauna uhaba wa mawe ya kukalia, ila chagua lililo juu na kavu, kando na kelele. Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani, linapendeza, lakini watu hawaishi kupiga picha pale. Usikae ukiwa umetumbukiza miguu ziwani: kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Kama unaishi Mabatini au Igogo na nyumba zimebanana, kaa ndani kwenye kigoda. Redio ya jirani haiharibu kitu.

Jambo moja dogo linawapoteza wengi. Jiwe la alfajiri ni baridi, nalo hunyonya joto la makalio ndani ya dakika chache. Ganzi ikiingia, mtu anadhani chakra ya kwanza "imefunga". Haijafunga, amekalia jiwe baridi. Kunja kitenge mara nne, juu yake weka gunia lililokunjwa, kisha kaa nyonga zikiwa juu kidogo ya magoti. Mgongo usimame bila kukazwa. Macho yafumbe, au yatazame chini hatua mbili mbele yako.

Wiki ya kwanza: usiulize chochote

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanaporuka. Huwezi kujua kama kifua kimebana kwa sababu ya swali lako ikiwa hujui kifua chako hukaaje siku za kawaida. Wapo ambao koo lao limekaza mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo akiuliza swali siku ya kwanza na kuhisi koo limekaza, atasema "mwili umekataa", kumbe mwili haujasema neno.

Kwa siku 7 fanya hivi. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6. Pumzi moja ni kama sekunde 10. Kutoa pumzi kwa urefu kuliko kuvuta hutuliza mapigo ya moyo, ndiyo sababu ya hesabu hiyo. Anza na dakika 3 za pumzi peke yake, kisha pita vituo hivi, pumzi 6 kila kimoja, yaani dakika moja.

Cha kwanza, muladhara, kiko msambani, chini kabisa ya uti wa mgongo. Mapokeo hukihusisha na ardhi. Hisi uzito wako ukiingia kwenye gunia, na angalia kama makalio na mapaja yameachia au yamejikaza kama mtu anayetaka kuinuka.

Cha pili, svadhisthana, vidole vinne chini ya kitovu. Hiki ni cha maji. Weka kiganja hapo. Ukivuta pumzi, je, kiganja kinasukumwa? Kama tumbo la chini halisogei kabisa, umelibana kwa mazoea. Liache.

Cha tatu ni manipura, cha moto. Walimu wengine hukiweka kitovuni, wengine kwenye chembe cha moyo, pale chini ya mfupa wa kifua. Kwa kazi hii tumia chembe, kwa sababu ndipo "tumbo joto" linapoanzia. Kaa hapo bila haraka. Mwanzoni utahisi kitambaa cha nguo tu. Kwenye pumzi ya tatu au ya nne vitatokea vitu vidogo: mdundo hafifu unaofuata moyo, joto la ukubwa wa sarafu, au kitu kama kamba inayovutwa kwa ndani. Tumbo na utumbo vina seli za neva zaidi ya milioni 100, hivyo usishangae kuona panasema kuliko pengine.

Cha nne, anahata, katikati ya kifua. Tazama upana: kifua kimefunguka kwa pembeni, au mabega yamejikunja mbele?

Cha tano, vishuddha, kooni. Meza mate mara moja, polepole, ufuatilie kikoromeo kinavyopanda na kushuka. Kikishuka laini, andika laini. Kikikwama njiani, au ukajikuta unataka kumeza tena papo hapo, andika hivyo. Angalia pia ulimi: umegandamiza kaakaa, au umelala?

Cha sita, ajna, kati ya nyusi, na cha saba, sahasrara, utosini, pita kwa wepesi. Legeza kipaji cha uso na taya, basi. Huko juu ni rahisi mtu kuanza kuwaza akidhani anahisi.

Mapokeo yana sauti kwa vituo sita vya kwanza: lam, vam, ram, yam, ham na om. Kama imani yako haikuruhusu kuzitamka, ziache. Mwongozo huu unakutaka usikie mwili wako kwa pumzi na umakini, na hilo halihitaji sauti wala picha yoyote.

Ukimaliza andika kwenye daftari: kituo, hali, na nguvu yake kuanzia 0 hadi 5. Tumia maneno ya mwili: joto, baridi, zito, jepesi, limebana, limeachia, kimya. Usiandike "nzuri" au "mbaya". Pembeni andika umelala kwa saa ngapi, umekula nini jana usiku, kama una homa, na kwa wanawake, siku ya mzunguko wa hedhi.

Wiki ya pili: kuuliza

Usilete swali. Leta sentensi yenye tendo na siku. Tuseme mtu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, na mwenzake amemwomba mtaji. Sentensi ni: "Ijumaa nitampa laki 5." Pita vituo vyote kwanza, kisha iseme moyoni mara moja, ukae pumzi 6 kwenye chembe, 6 kifuani, 6 kooni. Vitatu hivyo vinatosha.

Sasa fumbua macho utazame maji dakika nzima, mpaka chembe kirudi kwenye hali yake ya kawaida. Usiiruke dakika hii. Ukiiruka, mabaki ya sentensi ya kwanza yataingia kwenye ya pili. Ndipo useme: "Ijumaa sitampa," na upite tena.

Rudia asubuhi tatu, siku ya pili ukianza na "sitampa". Kama kituo kilekile kinajibu vilevile siku zote tatu, na ni tofauti na hali yake ya wiki ya kwanza, hapo una jambo la kuzingatia. Hata hivyo piga hesabu zako na uulize wanaomfahamu. Mwili haujui bei ya dagaa ya mwezi ujao. Unajua uchovu wako, tamaa yako, na yale uliyowahi kuyaona kwa mtu huyo ukayapuuza.

Tofauti ya woga na machale wengi huiuliza. Kanuni ya kazi ni hii: woga mara nyingi hukaa juu, kifuani na kooni, huja na picha na maneno mengi, na hupungua ukitoa pumzi ndefu. Machale mara nyingi hukaa chini, hayana hadithi, na baada ya pumzi kutulia bado yapo palepale.

Yanayoharibika

Kizunguzungu na vidole kuwashawasha: unapumua kwa nguvu mno na umetoa hewa ya kaboni dioksidi kupita kiasi. Acha kuhesabu, pumua kawaida.

Huhisi kitu: sugua viganja mpaka vipate joto, weka kimoja juu ya kituo. Siku 4 au 5 za ukimya si tatizo.

Jibu ni lile ulilolitaka tangu jana: ahirisha. Kuuliza jambo moja mara 10 ni kuubembeleza mwili ukubaliane nawe.

Likija kumbukumbu zito, la ajali au kupigwa, usilikazanie. Fumbua macho, gusa jiwe kwa mikono miwili, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Likirudi kila ukikaa, tafuta mshauri wa afya ya akili. Na maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani, au kukosa pumzi, si ujumbe wa chakra: nenda hospitali mara moja.

Kumaliza, sugua viganja, viweke usoni, nyoosha miguu mbele kwa dakika moja kabla ya kusimama. Mawe mengi yameinama kuelekea majini, na mguu wenye ganzi hauushiki mwinuko.